Jemadari Fikirini na Foleni ya Mawe

Sogeeni! Nasema sogeeni, enyi watu wa Kariakoo na Mchafukoge, enyi wa Magomeni mliokalia vibaraza, na nyinyi wanachuo mnaosoma hii kwenye simu huku mkijifanya mnamsikiliza mwalimu, sogeeni niwape habari kubwa. Msiniulize vita vya masultani, vile vimesimuliwa mpaka vimechuja kama kanga ya msimu uliopita. Mimi ninacho kizito kuliko hivyo. Nitawapa habari za Fikirini bin Sadalla, Simba wa Maktaba, Bwana wa Rula, Mchanaji wa Karatasi Zisizo na Kosa, jinsi alivyotoka kwao asubuhi ya Jumamosi akaingia vitani, akapigwa, akanyanyuka, akapigwa tena palepale, na mwisho wa yote akarudi nyumbani na sukari.

Naam. Sukari. Nani kacheka huko nyuma? Mtoeni nje.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, Ujamaa umeshakomaa, vita vya Kagera vimekwisha, na rafu za maduka zimebaki na vumbi na heshima tu. Sabuni foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, foleni, kitenge foleni, na sukari, ee sukari, malkia wa bidhaa zote, ikija inakuja kama mgeni wa serikali: haisemi siku, haisemi saa, inaonekana tu lori limesimama mbele ya duka la ushirika na mtaa mzima unakimbia.

Sasa wazee wetu hawakuwa wajinga. Mtu atasimamaje juani kutwa akingoja lori ambalo pengine halitokei, na ana chungu jikoni na mtoto mgongoni? Wakabuni mbinu. Unaweka jiwe. Unaliweka nyuma ya jiwe la mwenzio, unaenda zako, na jiwe linakusimamia. Aliyekosa jiwe aliweka tofali bovu, aliyekosa tofali aliweka kopo, na aliyekosa vyote alivua ndala moja akaiacha pale, akaondoka anachechemea. Foleni ile ilikuwa imepinda kama mkia wa mbwa, lakini kila mtu alikijua chake na alikijua kilicho mbele yake, na hapakuwa na mwanadamu Mtaa wa Mchikichi aliyethubutu kusogeza jiwe la mtu. Ungeweza kumsogeza mume wa mtu ukasamehewa. Jiwe, hapana.

Shikeni hilo. Sasa nimlete shujaa.

Fikirini alikuwa akisoma Mlimani, Chuo Kikuu, fahari ya ukoo mzima. Na Mlimani siku hizo, kama kwenu leo, kulikuwa na ugonjwa uliovaa joho la sifa. Kukonda kulikuwa cheo. Asiyelala alimdharau aliyelala, na asiyekula alimdharau asiyelala. Wakikutana kwenye korido hawaulizani hali, wanaoneshana macho mekundu kama askari wanaooneshana makovu. Na katika jeshi hilo la vichaa, jemadari mkuu alikuwa babu yangu, kaka wa bibi yangu mzaa mama.

Alikuwa na insha ya kukabidhi. Kichwa chake, sikilizeni vizuri, kilikuwa *Ugawaji wa Haki wa Bidhaa Adimu Mijini*. Insha yenyewe alishaimaliza kitambo, yote, isipokuwa ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza ulimshinda. Akiuandika, herufi moja inapanda juu ya mstari, anachana. Anaandika tena, wino unavuja tone dogo kama jicho la sisimizi, anachana. Wenzake wote walishakabidhi, tarehe ikapita, mwalimu akamwonea huruma akampa mpaka Jumatatu. Hapo ndipo Simba wa Maktaba akakunja godoro lake, akashuka Kariakoo kwa mama yake, akajifungia chumba cha uani na rula, kalamu na rundo la karatasi, kutafuta ukurasa ambao hata malaika wakiukagua hawatapata pa kugusa.

Mama yake, Mwanamkuu, alikuwa anakaa nje ya mlango ule akichambua mchele. Anasikia kalamu, kwaruu kwaruu. Kisha kimya. Kisha *chraaa*, karatasi imechanika. Bibi yangu ananiambia kila ilipochanika, mama yao aliacha kuchambua, akaweka mkono kifuani, akasubiri mpaka kalamu ianze tena. Sinia la chakula likiingia limejaa linatoka limejaa. Mwanawe mashavu yameingia ndani, suruali inashikiliwa na kamba ya katani. Mama akisema, "Baba, kula hata tonge," shujaa anajibu, "Nikimaliza huu ukurasa, mama." Alikuwa anajibu hivyo tangu alipofika.

Jumamosi hiyo ikawa na jambo. Binti wa nyumba, Sophia, ndiye bibi yangu huyo, alikuwa anaposwa. Washenga kutoka Magomeni wangefika baada ya sala ya alasiri, na nyumba ile haikuwa na hata punje ya sukari. Mnajua maana yake? Uwape watu wa posa chai kavu, warudi Magomeni wakaseme kwamba kwa kina Sadalla binti yupo ila ukarimu haupo. Mambo yangevunjika kabla hayajaanza, na mimi nisingekuwepo hapa kuwasumbua.

Ikasemwa mtaani lori linakuja. Mwanamkuu akalibeba jiwe lake, pande la tumbawe kubwa baya lenye matundu, akalipanga foleni mapema sana, akapata nafasi ya nne kutoka mlangoni. Akarudi nyumbani, akagonga mlango wa chumba cha uani.

"Fikirini! Toka ukakae na jiwe letu."

"Mama, nina kazi."

"Na mimi nina mtoto ambaye jua halimjui tena. Toka. Dada yako anaposwa leo na mimi niko na maandazi jikoni. Chukua mfuko huu, lori likija simama penye jiwe, lete kilo moja, rudi. Kuna ugumu hapo, wewe wa Chuo Kikuu?"

Akatoka. Ewe kalamu yangu, ewe kidole gumba changu juu ya kioo, nipe nguvu niuseme utokaji ule! Mfuko wa kitambaa cha marekani, mweupe, begani kama bendera ya vita. Rula katika mfuko wa suruali kama jambia. Na katika mfuko wa shati, juu ya moyo, ule ukurasa wa kwanza, wa mwisho kuandikwa, ambao mpaka asubuhi ile ulikuwa bado haujapata kosa, akaubeba ili aendelee kuulinda.

Alipofika dukani, akina mama waliokuwa wakiyachunga mawe walimwona wakafurahi. Mbele yao alikaa Bi Zamda wa Vitumbua, mwanamke wa mwili na sauti, ambaye alikuwa wa kwanza kabisa katika foleni na alama yake ilikuwa ndala ya bluu ya mguu wa kushoto.

"Shikamoo Bi Zamda."

"Marahaba mwanangu. Ah, msomi wetu! Haya jamani, twendeni tukapike, mawe yamepata mlinzi wa Chuo Kikuu."

Wakaondoka wote. Wote! Wakaacha uhai wa mtaa mikononi mwa mtu ambaye alishindwa na ukurasa mmoja.

Sasa shujaa akabaki peke yake uwanjani, akaitazama foleni. Foleni ikamtazama. Naye akaona, ole wetu, akaona kwamba imepinda.

Akavumilia kidogo. Akatazama pembeni, akatazama mbuzi, akasoma tangazo ukutani la kampeni ya usafi. Macho yakarudi. Imepinda. Jiwe kubwa limekaa mbele ya dogo, tofali limelala ubavu, na katikati ya foleni inayoitwa ya mawe limo kopo la mafuta lenye kutu, na mwanzoni, mahali pa heshima, imewekwa ndala! Mikono ikaanza kumwasha. Akajiambia, nitanyoosha hili moja tu. Enyi mnaosoma, mnalijua neno hilo? Hilo moja tu ndilo lililowamaliza watu wengi zaidi ya kipindupindu.

Akanyoosha moja. La pili likaonekana ovu. Akachomoa rula. Akapiga magoti mavumbini, akapima mwanya wa jiwe na jiwe, akayapanga sawasawa kama meno ya afisa. Kisha akaona kwamba hayajafuatana kwa ukubwa, akayapanga upya, dogo mbele kubwa nyuma, yakipanda taratibu kama ngazi ya ikulu. Akaona yana vumbi, akauvua mfuko mweupe wa marekani begani akayafuta moja baada ya jingine mpaka mfuko ukawa rangi ya mtaro. Kopo na ndala, kwa kuwa si mawe, akavitupa jalalani, maana ukweli ni ukweli. Na lile tumbawe la mama yake, kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko yote, akalibeba kwa mikono miwili kutoka nafasi ya nne, akalipeleka mwisho kabisa. Hakujipendelea. Haki ilitendeka. Akasimama, akajifuta jasho, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke Mlimani akatabasamu.

Hapo ndipo lori likapiga honi.

Oyaaa! Mtaa ukapasuka. Wakaja akina mama kutoka kila uchochoro, wengine unga mikononi, wengine mtoto kwapani, kanga zinapepea kama bendera za majeshi saba, Bi Zamda mbele yao na mguu mmoja peku. Wakafika. Wakasimama.

"Fikirini," akasema Bi Zamda polepole, "ndala yangu iko wapi?"

Shujaa akapanda juu ya kizingiti cha duka, akainua rula, akahutubia:

"Enyi akina mama wa Mtaa wa Mchikichi! Mliniachia foleni, lakini kwa hakika haikuwa foleni, ilikuwa fujo. Nimeipa sura. Nimeipa mpango. Itazameni sasa! Nani kati yenu amewahi kuiona foleni iliyonyooka namna hii tangu Uhuru?"

"Nimekuuliza ndala."

"Ndala si jiwe, Bi Zamda."

Eee Mola. Bi Zamda akaweka mkono mmoja kiunoni, ule mwingine akaupeleka hewani, na wanaojua wakarudi nyuma.

"Ndala si jiwe! Jamani mmemsikia? Nimeamka kabla ya jogoo, nimeacha kitanda, nimeacha mume, nimeweka ndala yangu ya kwanza kabisa, leo kijana niliyemlisha vitumbua tangu hana meno ananiambia ndala si jiwe! Na wewe je, ni mtu? Hebu mtazameni, shingo kama mpini wa mwiko! Huko juu mnafundishwa nini, kufagia kichwa mpaka akili itoke na takataka?"

Vicheko vikalipuka. Kisha vikageuka mayowe, maana kila mmoja aliona jiwe lake limehama. Wakaanza kusukumana. "Mimi nilikuwa nyuma ya tofali!" "Tofali lipi, yapo manne!" Shujaa akapiga kelele kwamba watulie, kwamba atairudisha foleni ilivyokuwa, awahoji mmoja mmoja, alinganishe ushahidi, achore mchoro, asiwepo hata mmoja aliyekosewa. Alishaanza kutafuta kalamu.

Mnajua walichofanya wakati yeye anatafuta kalamu? Walipanga foleni. Basi. Bi Zamda akasimama mbele, mtu mmoja akasema mimi nilikuwa nyuma yako, mwingine akasema mimi nyuma yake, wawili wakagombana kidogo wakaachana, mmoja alidanganya na kila mtu alijua kadanganya wakamzomea wakamwacha. Foleni ikasimama, imepinda kuliko ya kwanza, na ikaanza kwenda.

"Lakini hii si sahihi!" akalia Simba wa Maktaba. "Yule hakuwa pale!"

"Mwanangu," akasema Bi Zamda, "sukari ndiyo tunayotaka. Sahihi kaweke wewe kwenye chai yako."

Na hukumu ikatoka kwa sauti moja: aliyeyavuruga mawe atasimama mwisho, penye tumbawe lake. Wakati huohuo Mwanamkuu akatokea, masizi usoni, mwiko mkononi. Akatazama nafasi ya nne, akaona mgongo wa mtu mwingine. Akafuata foleni kwa macho mpaka mwisho, akaliona jiwe lake, na pembeni yake mwanawe.

"Nani kalileta jiwe letu huku?"

"Mimi, mama. Ndilo kubwa kuliko yote."

Hakumpigia kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama tu kama mtu anavyotazama nguo aliyoifua ikaanguka tena kwenye tope, akasema, "Wageni wanafika alasiri, Fikirini," akageuka, akaenda kwenye maandazi yake.

Basi hapa, enyi watu, ndipo lilipotokea tendo la kwanza la ushujaa katika maisha ya babu yangu. Kila mfupa ulimwambia akimbie. Chumba kipo, karatasi zipo, mlango una komeo. Tangu utoto hakuwahi kukaa mahali alipokosea, alichokosea alikichana. Lakini foleni haichaniki. Akasimama. Jua likamchapa utosini, akasimama. Kila aliyetoka dukani na sukari alipita mbele yake kwa makusudi. "Mambo ya rula vipi?" "Msomi, hebu nisimame hivi, nimenyooka?" Akasimama. Bi Zamda akapita na kilo zake, ndala zote mbili miguuni, ile ya kushoto inanuka jalala, akamtupia kitumbua cha jana kilichofungwa katika jani. "Kula, usije ukatufia hapa ukaharibu mstari." Naye, Wallahi, akakila. Chote. Akalamba jani.

Adhuhuri ikaadhiniwa, foleni ikapungua, akafika dirishani. Nyuma ya kaunta alikuwa Ignasi, mtu wa Masasi, muuzaji mchache wa maneno. Ignasi alikuwa ameinamia gunia la mwisho, analikung'uta.

"Imebaki ya chini ya gunia," akasema. "Chukua au acha."

Shujaa akaangalia kwenye sinia la mizani. Wapenzi wasikilizaji, shikaneni mikono. Ilikuwa sukari, ndiyo, lakini imeshikana mabonge, ina nyuzi za katani kama ndevu za mzee, na juu ya kilele cha kilima kile alisimama sisimizi mmoja akitazama mandhari. Huyu ni mtu aliyechana ukurasa mzima kwa tone la wino! Akafungua mdomo. Bibi yangu anaapa alikuwa anataka kuuliza kama wiki ijayo italetwa safi.

Akaiona Magomeni inakuja. Akamwona Sophia amepakwa hina anangoja. Akamwona mama na mwiko.

"Nipe," akasema.

"Mfuko?"

Akauinua mfuko wa marekani. Ignasi akautazama, mweusi tii, unadondosha mchanga. Alitikisa kichwa tu. Karatasi za kufungia dukani zilikwisha mwaka juzi.

Dunia ikasimama, kutoka Feri mpaka Mnazi Mmoja. Mkono wa Fikirini bin Sadalla ukapanda taratibu, ukaingia katika mfuko wa shati, juu ya moyo, ukatoka na ule ukurasa wa kwanza. Mweupe. Mistari imenyooka. Hauna kosa, hauna doa, hauna mwenzake duniani. Akautazama mara moja. Kisha akaukunja kama wauza njugu wanavyokunja, mdomo mpana juu, ncha chini, akaunyoosha mbele.

"Mimina," akasema jemadari.

Ignasi akamimina, na sisimizi akaingia naye.

Alasiri washenga wakaketi barazani, na mkubwa wao, Mzee Nassibu, akanywa chai ya kwanza. Akasita. Akaingiza vidole mdomoni, akavuta uzi wa katani, mrefu, unatoka tu kama habari mbaya. Ndani nyuma ya pazia Mwanamkuu alikata pumzi, Sophia akafumba macho, na Fikirini akashika ukuta. Mzee Nassibu akauweka uzi ukingoni mwa kisahani.

"Sukari ya siku hizi ina ndevu kunizidi," akasema. "Lakini tamu. Niongezeeni."

Posa ikapita! Maandazi yakapita, na andazi la kwanza kutoka jikoni alikula Fikirini, na la pili, na alipofika la tatu mama yake aliacha kuhesabu akalia kidogo kwenye ncha ya kanga, akasingizia moshi.

Wageni walipoondoka, Sophia akaukunjua ule ukurasa, umejaa mikunjo, unanata, una pete ya jasho la mkono katikati. "Kaka, utauandika upya?" Fikirini akaenda akachukua kalamu. Akachukua rula. Akakaa. Mama nje ya mlango akaweka mkono kifuani, akasubiri sauti ya kuchanika. Akasubiri sana. Kilichosikika, mwishowe, kilikuwa ni mkoromo.

Jumatatu akaukabidhi hivyohivyo, juu ya insha yake ya ugawaji wa haki. Mwalimu akaushika, ukamgandia kidoleni. Akautikisa, haukutoka. Sisimizi akatokea kwenye aya ya pili, akavuka pambizo bila haraka.

Akapewa C.

Pigeni ngoma, enyi Kariakoo! Wekeni mnara penye duka lile, na kama hakuna saruji wekeni ndala ya bluu! Waelezeni wanaokonda kwa ajili ya nukta, waelezeni wanaofuta ujumbe mara kumi kabla ya kusema "mambo," waelezeni na wajukuu wao, kwamba alikuwepo mtu aliyepata C, mbingu zikabaki juu, bahari ikabaki Feri, naye akapanda basi akarudi kwa mama yake, akanawa mikono, akauliza kuna nini cha kula.